"Premonish" ni kuonya kabla mtumbwi haujatoka

Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Mwanza ameleta swali katika idara yetu ya lugha: amekutana na neno la Kiingereza "premonish", na rafiki zake wanamwambia limekosewa, lilipaswa kuwa "premonition". Halijakosewa. Ni kitenzi halali, ila cha zamani, na hata Waingereza wengi hawakijui. Hutamkwa pri-mo-nish, mkazo ukiwa katikati.

Asili yake ni Kilatini: prae ni kabla, monere ni kuonya. Monere hiyohiyo ndiyo iliyozaa "monitor" na "admonish".

Wengi huteleza hapa. Premonition ni hisia: moyo unaenda mbio, unahisi kuna baya linakuja, wala hakuna aliyekuambia. Premonish ni tendo, na lazima awepo anayeonya na anayeonywa. Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo, lakini mawingu huashiria tu, hayamsemeshi mtu.

Nenda mwaloni Igombe jioni, siku za giza, wavuvi wa dagaa wakipakia taa na nyavu. Radi na dhoruba za ziwa letu hupenda usiku kuelekea alfajiri, kwa sababu nchi kavu ikipoa, upepo huvuma kutoka kandokando kwenda ziwani, hukutana huko na kuipandisha juu hewa yenye unyevu. Mzee amesikia redioni kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo la upepo mkali na mawimbi. Anamshika nahodha mkono: "Mwanangu, leo msiingie. Usiku ziwa litachafuka." Alichofanya mzee huyo ndicho "premonish". Angeyasema saa kumi alfajiri, watu wakichota maji mtumbwini kwa ndoo, neno hilo lisingemfaa tena.

Kwa Kiswahili tunasema kutahadharisha, au kuonya mapema. Mimi navutiwa zaidi na onya, maana limetokana na ona: ukimwonya mtu unamfanya aone, na yule nahodha ameoneshwa mawimbi ambayo bado hayajainuka.

Kwenye mtihani au barua ya kazi andika "warn" au "forewarn", msomaji atakuelewa mara moja. Ukilikuta "premonish" katika maandishi ya kale, tazama kwanza anayeonywa, kisha "of", kisha jambo lenyewe: The old man premonished the crew of the storm.