Simba Mwene Si Jina la Mtu

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kijana mmoja alitusimulia juzi kwamba Usambara yote ilitawaliwa na mtu mmoja aliyeitwa Simba Mwene. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo umewazika wafalme wengi kaburi moja."

Simba Mwene ni cheo. Masimulizi ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, yanaanza na Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, aliyekataliwa na ndugu zake kwa kuwa ni kigego: aliota meno ya juu kwanza. Akapanda milimani akigawa nyama, akaua simba, na watu wa Vugha wakampa sifa hiyo. Waliokalia kiti chake wakairithi. Kimweri ye Nyumbai, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848, naye ni Simba Mwene. Hata Kimweri hawakuwa mmoja, ndiyo maana wazee hawaachi kuongeza "ye Nyumbai".

Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, naye tunamkosea. Wengi hudhani Fumo ni jina alilopewa na mamaye. Fumo ni mkuki, na huko pwani ya kaskazini wakuu waliitwa hivyo. Witu ilikuwa na Fumo Bakari wake katika karne ya 19. Jina la shujaa ni Liyongo. Nimesikia pia akisemwa kwamba aliuawa kwa mkuki, labda kwa sababu ya neno hilo hilo. La! Masimulizi yanasema ni sindano ya shaba, kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Uchungu wote wa kisa uko hapo, na mkuki unaufuta.

Firauni ndiye anayewachanganya watu zaidi, maana tunamsikia misikitini na makanisani kama mtu mmoja. Kwa Wamisri wa kale neno lenyewe lilimaanisha "nyumba kubwa", yaani jumba la mfalme, kisha likahamia kwa mfalme aliyemo ndani, kama sisi tunavyosema Ikulu imetoa tamko. Ramses alikuwa Firauni, Thutmose pia. Mansa Musa wa Mali ni hivyo hivyo: mansa ni mfalme, jina ni Musa. Na Budha, "aliyeamka", aliitwa Siddhartha Gautama.

Miungu nayo ina vyeo. Baali maana yake ni bwana, mwenye mali, karibu sana na mwinyi wetu. Ndiyo maana Biblia inataja Mabaali kwa wingi: kila mji ungeweza kuwa na bwana wake. Yule mungu wa radi na mvua aliyejulikana zaidi kwa cheo hicho, jina lake ni Hadadi.

Kijana akauliza kama jina linaweza kugeuka cheo. Linaweza. Kaisari lilikuwa jina la ukoo wa Julius huko Roma. Watawala waliomfuata wakalichukua, likasafiri karne kwa karne hadi Ujerumani, na Wajerumani walipoitawala Tanga hii, mfalme wao Wilhelm wa Pili aliitwa Kaisari.