Baiskeli ya triathloni: yanayosemwa njiani Kisian na yaliyo kweli

Kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi alinipigia simu juzi usiku. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika, na mtandaoni alikuwa ameona jozi ya magurudumu ya kaboni yenye rimu za kina cha milimita 80 (kutoka kwenye tairi kuelekea katikati ya gurudumu), anataka kuyalipia asubuhi. "Kocha, nikiweka haya si nitawaacha wote pale Lela?" Nikamuuliza fremu yake ni saizi gani. Hakujua. Nikamuuliza anaweza kulala kwenye vishikio vya mbele, vile vya kuegemezea viwiko, kwa muda gani kabla shingo haijamlazimisha kuinuka. Akafikiri kidogo, akasema robo saa, labda dakika ishirini. Na mbio anazojiandalia, zile za triathloni ya nusu ya masafa kamili, ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli, kisha 21.1 za kukimbia.

Nilimsihi asilipe kwanza. Niliyomweleza usiku ule ndiyo haya, pamoja na mengine ninayoyasikia kila tunapokutana na wenzetu wa Nakuru, Kakamega na Eldoret.

Dhana: baiskeli nyepesi ndiyo yenye kasi

Naelewa inakotoka. Wengi wetu tulijifunza kwenye Black Mamba ya baba, chuma kitupu, na siku mtu anapoinua fremu ya kaboni kwa vidole viwili anaona amepata mabawa. Lakini tupige hesabu. Kutoka Kisian, nje kidogo ya Kisumu, kupanda hadi Maseno, pale ikweta inapokatiza barabara, unapanda takriban mita 350. Kilo moja ya ziada kwenye mlima huo, kwa mtu anayekanyaga kwa nguvu ya wati 200, inamgharimu sekunde kama 17. Sekunde 17 kwa mlima mzima! Na ukiteremka, sehemu yake inarudi.

Sasa geukia tambarare, kutoka Nyamasaria kwenda Ahero. Ukipita kilomita 30 kwa saa, adui wako mkubwa ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako, si baiskeli. Mwili peke yake hubeba karibu robo tatu ya ukinzani wote. Mtu wa kawaida anayekwenda kilomita 32 kwa saa akiwa ameshika usukani wa juu, kisha akalala vizuri juu ya viwiko, anaweza kuokoa wati 25 hivi bila kubadilisha hata spoku moja. Kwa nguvu ileile, kilomita 90 zinapungua dakika kama kumi. Linganisha na zile sekunde 17.

Katika triathloni za masafa marefu hakuna kujificha nyuma ya mtu. Mashindano ya Ironman, mfululizo wa triathloni ndefu, yanawadai washiriki wasio wa kulipwa pengo la mita 12 kati yako na aliye mbele, na ukiingia humo lazima upite au upewe adhabu. Hewa yote unaikata mwenyewe. Ndiyo maana baiskeli nyingi za triathloni zina zaidi ya kilo 8 na hakuna anayelalamika, wakati shirikisho la baiskeli duniani, UCI, linaruhusu za barabarani kushuka hadi kilo 6.8.

Asiyeamini nguvu ya kulala akumbuke tarehe 23 Julai 1989. Siku ya mwisho ya Tour de France, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. LeMond aliweka vishikio vya kulalia, kifaa ambacho wana triathloni walikuwa wameshakizoea. Fignon hakuweka. LeMond alishinda Tour nzima kwa sekunde 8.

Dhana: fremu ikizidi kidogo si kitu, utaizoea

Hili linaniuma, maana niliambiwa maneno hayohayo na nikayalipia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua fremu ya mtumba, namba 58, wakati mwili wangu ni wa 54. Muuzaji alikuwa na hiyo moja tu, akaniapia kwamba tofauti itamalizwa kwa kusogeza kiti. Kila safari ya Ahero hadi Katito nilijikuta nimeteleza hadi kwenye ncha ya kiti, nikivuta mabega kufikia pedi za viwiko. Baada ya miezi michache ngozi ya ncha ya kiti ilikuwa imechakaa upande wa kulia tu, ikang'aa kama kisigino cha kiatu cha zamani. Ngozi ile ilikuwa inanionyesha kwamba nyonga yangu imepinda, na mimi nilikuwa nadhani tatizo ni mazoezi haba. Goti la kulia ndilo lililonisimamisha.

Ukweli ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye fremu haitoshi, kwa sababu 54 ya kiwanda kimoja si 54 ya kingine. Vipimo vya kuangalia ni viwili, vyote huanzia katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedeli kwenye fremu: kimo, yaani kwenda juu hadi mdomo wa bomba la usukani, na umbali wa kwenda mbele hadi hapo hapo. Viwanda huvichapisha, hata vya fremu za miaka ya nyuma. Mwambie muuzaji akupe jina na mwaka wa fremu, uvitafute mwenyewe kabla pesa hazijatoka.

Kisha mwombe mwenzako akupige video kwa simu kutoka ubavuni ukiwa umelala na unakanyaga. Viwiko vikiwa karibu na pembe mraba, mabega yametulia, na goti haligongi kifua, umekaribia. Ukiona mikono imenyooka kama mtu anayesukuma mkokoteni, fremu ni ndefu mno na hakuna mazoezi yatakayoifupisha.

Dhana: baiskeli ya barabarani ikifungwa vishikio vya kulalia imekuwa ya triathloni

Imesogea karibu, haijawa. Bomba la kiti kwenye baiskeli ya barabarani huwa limelala kwa nyuzi 72 hadi 74 hivi. Kwenye ya triathloni limesimama zaidi, 76 hadi 80. Nyuzi hizo chache zinakusogeza mbele, juu ya pedeli, hivyo ukiinama pembe kati ya paja na tumbo inabaki wazi. Unapumua, chakula kinashuka, na ukishuka kwenda kukimbia nyonga haijakaza. Ukilala sana juu ya baiskeli ya kawaida bila kurekebisha kiti, magoti yanakuja kifuani na tumbo linabanwa kwa saa tatu. Halafu mtu anasema ana tatizo la tumbo kwenye mbio.

Hata hivyo, kwa mbio za kwanza, baiskeli ya barabarani inayokutosha ni bora mara kumi kuliko ya triathloni isiyokutosha. Weka vishikio vifupi, sogeza kiti mbele na kukipandisha kidogo, na ufanye mazoezi ukiwa umelala. Barabara zetu za kupanda na kushuka, kama ile ya Kisumu kwenda Kakamega kupitia Kiboswa na Chavakali, zinakufanya uinuke mara nyingi, na hapo usukani wa kawaida wenye breki na gia mkononi unakupa usalama zaidi.

Dhana: rimu kadiri inavyozidi kina ndivyo bora

Hapa ndipo yule kijana alipokuwa anaelekea na pesa zake zote.

Rimu yenye kina hukata hewa vizuri, hilo ni kweli. Ila gurudumu la mbele limeshikwa na usukani, na upepo wa ubavuni ukilipiga unapiga mikono yako. La nyuma haligeuki, kwa hiyo kina chake hakikusumbui hivyo. Ndiyo maana wengi huweka kina kidogo mbele na kikubwa nyuma: milimita 40 hadi 50 mbele, 60 hadi 80 nyuma. Kwenye mbio za Ironman za Kona, Hawaii, kwa sababu ya upepo wa pwani ile, gurudumu la nyuma lililozibwa kabisa limekatazwa kwa miaka mingi, ingawa kwenye mashindano mengine mengi linaruhusiwa.

Sisi tuna upepo wetu. Asubuhi na mapema ziwa limetulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, na kuanzia adhuhuri upepo unaingia kutoka ziwani kuelekea uwanda wa Kano. Sasa chukua barabara ya Ahero saa nane mchana. Upepo unakusukuma kutoka ubavuni, nawe umeegemea upande huo kidogo bila kujua. Lori la miwa linakupita. Kwa sekunde mbili linakuziba upepo, baiskeli inavutwa kulielekea. Likimaliza kupita, upepo unarudi kwa kishindo na kukusukuma kwenye changarawe ya kando. Ukiwa na milimita 80 mbele na kilo 58 za mwili, kama alivyo kijana wetu, utainuka kutoka kwenye vishikio na kushika breki. Ukishainuka, wati zote ulizozinunua zimekwenda, na zaidi. Gurudumu lenye kasi ni lile linalokuruhusu kuendelea kulala.

Kuna njia ya bei nafuu ambayo watu wanaidharau: kifuniko cha plastiki kinachofungwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma la kawaida. Kinafanya kazi karibu sawa na gurudumu la kaboni lililozibwa. Ningemshauri aanze na saizi sahihi na vishikio, kisha matairi mazuri, kofia ya mbio na chupa ya maji inayokaa kati ya mikono ili asiinuke kunywa, kisha kifuniko hicho. Kaboni ije zamu nyingine ya chama.

Dhana: Nakuru tuko juu, hewa ni nyepesi, haya mambo ya hewa hayatuhusu

Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na ni kweli hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa sita. Lakini oksijeni imepungua vilevile, na nguvu ya miguu nayo. Hewa bado ndiyo mzigo mkubwa kwenye tambarare. Tena mbio nyingi zinafanyika chini ya hapo: Rubavu, Rwanda, ambako Ironman ya nusu masafa ilianza mwaka 2022, iko kando ya Ziwa Kivu kwenye mita 1,460 hivi.

Dhana: tairi nyembamba na upepo hadi liwe jiwe

Mafundi wetu wengi bado wanajaza hadi kidole gumba kisizame kabisa. Kwenye lami laini kama kioo ingefaa. Kwenye lami yetu yenye kokoto na viraka, tairi gumu linaruka kila mahali, na kila mruko unakula nguvu yako na kuchosha mgongo. Tairi la milimita 28 lenye upepo wa psi 70 hivi, kwa mtu wa kilo 75, linabingirika vizuri kuliko la 23 lenye psi 120. Mtu mwepesi apunguze zaidi.

Kuna jambo la hatari hapa. Rimu nyingi mpya za kaboni hazina ule ukingo wa ndani unaoshika tairi. Za aina hiyo zina kikomo cha baa 5, yaani psi 72 na nusu, na zinataka tairi lililoidhinishwa kwa ajili yake. Ukimwachia mtu ajaze kwa mazoea, tairi linaweza kuchomoka ukiwa mwendoni. Soma maandishi ya kwenye rimu na ya ubavuni mwa tairi, na ufuate kikomo kilicho kidogo.

Dhana: kaboni ni kaboni, mtumba au mpya

Rimu za kaboni zinazobanwa na breki za mpira zinapata joto kali kwenye mteremko mrefu. Kutoka Nandi Hills kushuka Chemelil ukiwa umebana breki bila kuachia, gundi iliyoshika kaboni inaweza kulainika na rimu ikavimba. Kwenye mtumba, pitisha kidole taratibu mahali breki inaposhika. Ukihisi tuta au wimbi, rudisha. Gonga kwa sarafu kuzunguka rimu nzima. Mlio ukibadilika kutoka mkavu kuwa mzito, ndani pameachana. Kama unaishi milimani na una uwezo wa kuchagua, chukua breki za diski.

Dhana: ukishanunua magurudumu umemaliza

Rimu yenye kina inataka vali ndefu. Tyubu inayouzwa kila duka ina vali fupi, haitatokeza hata ncha kwenye rimu ya milimita 50. Vali yenyewe ni ile nyembamba, na pampu za vituo vya mafuta kuanzia Ahero hadi Awasi zina kichwa cha magari. Unahitaji kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia, kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Ukijaza kwa mashine ya kituo, mwombe aliye zamu aachie kidogo kidogo, ukisoma kipimo kila mara, kwa maana mashine ile imezoea matairi ya malori. Changu nimekifunga kwa uzi mwekundu ndani ya mfuko wa chini ya kiti, pamoja na tyubu mbili zenye vali za milimita 80, na kimoja zaidi nimempa yule kijana.