Kuandika nukta nundu kwa kibao hakuhitaji alfabeti mbili

Imezoeleka kusemwa kwamba anayeandika nukta nundu (Braille, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) kwa kibao cha kushikilia karatasi na stailasi (kifaa chenye ncha) lazima ajifunze kila herufi mara mbili: ya kusoma, na ya kuandika iliyogeuzwa. Si kweli, na imani hii huwakatisha tamaa wanaoanza. Stailasi hubonyeza karatasi kuelekea chini na nundu hutokeza upande wa pili, na karatasi hugeuzwa ili isomwe, ndiyo maana unaanzia kulia. Kila herufi huundwa kwa baadhi ya nukta sita zenye namba, katika safu mbili za wima. Safu ya kwanza kuifikia ina nukta 1, 2 na 3. Inayofuata, 4, 5 na 6. Namba hazibadiliki: D hubaki 1-4-5. Ukianza kuhesabu kushoto, msomaji atapata F; H nayo itasomeka J. Karatasi nyepesi ya fotokopi hutoboka. Tumia ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba.