Hatifungani ya Shule Haimlipi Mwalimu Mshahara
Katika jimbo la Washington, Marekani, wilaya ya shule (mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo) inapowaomba wapiga kura waidhinishe hatifungani ili jengo lililochakaa libomolewe na kujengwa jipya, husikika lalamiko lile lile: fedha zitaishia kwenye mishahara. Wasiwasi huo unaeleweka, kwa kuwa wenye nyumba ndio watakaolipa deni kupitia kodi ya mali kwa miaka mingi, lakini si sahihi.

Hatifungani ni mkopo. Wilaya huwauzia wawekezaji hati, hupata fedha za ujenzi, kisha hulipa deni na riba kidogo kidogo. Katiba ya jimbo inaruhusu kodi ya ziada kwa ajili ya hatifungani za miradi ya kudumu tu, kama vile majengo. Mishahara hutoka kwenye bajeti ya uendeshaji, inayotegemea fedha za jimbo na tozo nyingine inayopigiwa kura yake yenyewe.

Kinachonisikitisha zaidi ni kiwango cha ushindi. Tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2007, tozo ya uendeshaji hupita kwa wingi wa kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura, ilhali hatifungani bado inahitaji asilimia 60. Kwa hiyo shule inaweza kuungwa mkono na watu 59 katika kila 100 na bado ikashindwa, watoto wakaendelea kuikwepa ndoo iliyotegwa koridoni kukinga maji ya paa linalovuja. Tena, waliopiga kura lazima wafikie asilimia 40 ya waliojitokeza katika uchaguzi mkuu uliotangulia, na kura huletwa nyumbani kwa posta, hivyo hata bahasha iliyosahaulika juu ya meza ya jikoni ina uzito wake.