Tahasusi na Selform: mwanafunzi anavyopata bweni la Kidato cha Tano

Matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka Januari, mtaani huulizwa maswali mawili. Kapata daraja la ngapi? Anaenda shule gani? Hilo la pili limeruka hatua. Kwa shule za Serikali Tanzania Bara, kinachotangulia ni tahasusi. Mwanafunzi anaomba tahasusi, alama zake zinashindanishwa na za wenzake walioomba ileile, ndipo anapangiwa shule inayoifundisha na yenye nafasi bwenini. Jina la shule unayoitamani linabaki kuwa ombi. Wazazi wengi hulijua hilo orodha ikiwa imeshatangazwa, wakati hakuna tena cha kurekebisha.

Tahasusi ni masomo matatu ambayo mwanafunzi atayasoma kwa kina Kidato cha Tano na cha Sita. Vijana wenyewe wanaita kombi. Hutajwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza: PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati; PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia; CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia; EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati; HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza; HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kwa miaka mingi zilikuwa chache, mtu anaweza kuzitaja zote bila kusoma popote. Machi 2024 Serikali ikaongeza nyingine 49, jumla zikawa 65, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini.

Urefu wa orodha hiyo usikulewesheni. Shule moja hubeba tahasusi chache tu, kulingana na walimu na maabara ilizonazo, na hizi mpya ziko kwenye shule za kuhesabika. Anayeomba tahasusi adimu ajue ameomba na safari ndefu.

Lakini umbali ni jambo dogo kuliko chuo. Kila tahasusi ina milango inayofungua na inayofunga, na mfano unaoumiza watu wengi ni PCB na CBG. Mwanafunzi anaiogopa Fizikia, anaona CBG nayo ni sayansi, ina Kemia na Baiolojia, anaichukua huku bado anasema nyumbani kwamba atakuwa daktari. Udaktari wa binadamu kwenye vyuo vyetu unadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia za Kidato cha Sita. Hata akipata A tatu kwenye CBG, Fizikia haimo. CBG ni tahasusi nzuri kwa kilimo, mazingira na fani nyingine nyingi. Tatizo ni kuichukua bila kujua ulichokiacha. Kwa upande wa uhandisi, Hisabati na Fizikia ndizo zinazokubeba, ndiyo maana PCM ina foleni. Sheria haina masharti makali hivyo, HGL na HKL zote zinaingia. Kwa hiyo mwongozo wa udahili wa vyuo vikuu unaotolewa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, usomwe kabla ya Kidato cha Tano. Watu wengi husubiri mpaka Kidato cha Sita kiishe ndipo waufungue.

Selform sasa. Hii ni fomu ambayo mwanafunzi hujaza akiwa bado Kidato cha Nne, kabla ya mtihani wa Novemba, akieleza tahasusi anazozitaka na kozi za vyuo vya kati na ufundi ambazo angekubali kwenda. Ona ugumu uliopo hapo: anajaza kabla hajajua alama zake. Wengi hujaza kwa kumtazama aliyekaa dawati la jirani, au huandika PCM kwa sababu ndiyo inayosikika vizuri mbele ya baba. Matokeo yakishatoka, OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, hufungua dirisha la kubadili machaguo mtandaoni, kwenye selform.tamisemi.go.tz, kwa muda maalumu unaotangazwa. Ningekuwa na uwezo wa kumwamsha kila mzazi mara moja tu kwa mwaka, ningewaamsha wakati huo. Hapo ndipo alama halisi na ndoto hukaa meza moja, na dirisha likifungwa, kilichomo kwenye mfumo ndicho kinachotumika kupanga.

Vigezo vilivyotumika miaka ya karibuni viko hivi. Mwanafunzi awe na krediti zisizopungua tatu, yaani A, B au C, kwenye masomo yasiyo ya dini. Jumla ya pointi zake katika masomo saba isizidi 25. Pointi za masomo matatu ya tahasusi ziwe kati ya 3 na 10, na pasiwe na F hata moja ndani yake. Umri usizidi miaka 25. Pointi zinahesabiwa hivi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo unavyong'ara.

Tumchukue binti mmoja wa kubuni. Amepata A ya Kiswahili, B za Kemia na Baiolojia, C za Fizikia, Jiografia, Kiingereza na Uraia, halafu D za Historia na Hisabati. Masomo yake saba bora yanatoa 1 na 2 na 2, kisha C nne ambazo ni 12: jumla 17. Hiyo ni Daraja la Kwanza, tena ukingoni kabisa, maana Daraja la Kwanza linaishia hapohapo kwenye 17. Nyumbani ni vigelegele. Sasa ingia ndani ya tahasusi. PCB yake ni 3, 2 na 2, sawa na 7. CBG nayo 7. HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, ni 4, 3 na 1: 8. Na PCM? 3, 2 na 4: 9. Kwa karatasi amefuzu zote nne, kwa sababu hakuna iliyovuka 10 na hakuna F.

Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Kufuzu ni kuruhusiwa kushindana, basi. Kwenye PCM ataingia na pointi 9 akikutana na wenye 3 na 4, na hata akibahatika, atakaa miaka miwili na Hisabati ya juu akiwa ametoka na D. Kwenye PCB ana 7, na Hisabati atakayokutana nayo ni ile ya msingi wanayoiita BAM, ambayo inabebeka. Mimi ningemwambia aweke PCB mbele, CBG nyuma yake, na achague pia chuo cha kati kimoja anachokipenda kweli, asijaze kwa kujaza tu, kwa sababu anaweza kupangwa huko.

Wanaoachwa kwenye awamu ya kwanza kwa uhaba wa nafasi wapo, na mara nyingi hutangazwa chaguo la pili.

Kwa nini basi bweni, na kwa nini mbali? Shule nyingi za kata, zile zilizojengwa kwa wingi kuanzia 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ni za kutwa na huishia Kidato cha Nne. Shule zenye Kidato cha Tano ni chache zaidi, nyingi ni za bweni, na huchukua wanafunzi kutoka nchi nzima. Ndiyo maana mtoto wa Bukoba anaweza kujikuta Lindi. Kwa wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kulala nje ya nyumba ya wazazi, wakiwa na miaka 17 au 18. Bweni, tuelewane, ni tofauti na hosteli. Shule ya bweni imesajiliwa kulaza wanafunzi, na kwenye shule za Serikali chakula hugharamiwa na Serikali. Hosteli kwa kawaida ni mpango wa shule ya kutwa pamoja na wazazi ili wanaotoka mbali wapate pa kulala, na gharama ni ya wazazi. Ukiambiwa "kuna hosteli", uliza nani anapika na nani analipa.

Juu kabisa ya foleni kuna shule za vipaji maalumu: Ilboru ya Arusha, Kibaha ya Pwani, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, na Msalato ya Dodoma. Hizo huchukua wenye alama za juu kabisa, na hakuna barua wala mjomba wa wilayani anayefupisha njia. Anayekuambia ana mtu wake TAMISEMI wa kumpeleka mtoto Kibaha kwa laki mbili anakuibia.

Shule binafsi na seminari zina mlango wao. Huku ndiko mzazi anachagua shule moja kwa moja: unachukua fomu ya maombi shuleni kwenyewe, mtoto anafanya usaili, unapokea barua, unalipa ada. Nyingine huanza kupokea maombi mapema mno, matokeo ya taifa yakiwa bado. Uchaguzi wa shule hizi umebadilika kidogo tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Wapo waliolalamika. Kwangu naona imewalazimisha wazazi kusoma matokeo yenyewe. Fungua tovuti ya NECTA, ingia matokeo ya Kidato cha Sita, tafuta shule. Usiishie kwenye idadi ya Daraja la Kwanza. Shuka chini mpaka jedwali la masomo, uone waliofanya mtihani wa Fizikia walikuwa wangapi na wastani wao ni upi. Shule inaweza kung'ara kwa HGL huku PCM yake ikiwa na watahiniwa wachache wanaosuasua. Kisha ulize swali ambalo matangazo hayalijibu: darasa hili lilipoanza Kidato cha Tano lilikuwa na watu wangapi? Kuna shule zinazoweka wastani wa kuvuka, asiyeufikia anaambiwa atafute pengine. Matokeo yanabaki meupe kwa sababu waliodhaifu hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

Zingatia pia usajili wa bweni lenyewe, kando na usajili wa shule. Uliza matroni au patroni analala wapi, madirisha yana nondo za aina gani na milango ya dharura iko mingapi. Moto wa mabwenini si hadithi.

Aliyechaguliwa Serikalini hupakua fomu ya maelekezo ya kujiunga, ile inayoitwa "joining", palepale orodha inapotolewa. Kila shule ina yake, kwa hiyo usinunue vitu kwa kutumia ya mtoto wa jirani. Ndani utakuta tranka lenye kufuli, godoro la futi mbili na nusu, shuka za rangi iliyotajwa, chandarua, ndoo, jembe au fyekeo, rimu za karatasi, sare zenye maelezo ya mshono, na fomu ya uchunguzi wa afya ya kujazwa na daktari. Simu mara nyingi imo kwenye orodha ya visivyoruhusiwa. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ilifutwa kwenye shule za Serikali kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini kufutwa kwa ada hakujafuta nauli, sare wala michango iliyomo kwenye fomu. Nauli hasa: piga hesabu ya kwenda na kurudi kila likizo kwa miaka miwili, halafu ndipo uzungumze habari ya godoro. Malipo yoyote yapitie kwenye akaunti ya shule au namba ya malipo iliyomo kwenye fomu, kamwe si kwenye simu ya mtu.

Zanzibar ina utaratibu wake wa kupanga wanafunzi chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ingawa mtihani ni uleule wa NECTA.

Na shule ikiwa si ile uliyoitaka? Aripoti kwanza, ndani ya muda uliotangazwa, kwa sababu nafasi ya asiyeripoti hupewa mwingine. Uhamisho huja baadaye, na huanzia shule unayotaka kwenda: lazima ikubali kwamba ina nafasi kwenye tahasusi ileile. Wengi hukwamia hapo, kwani shule zinazokimbiliwa ndizo zilizojaa. Kubadili tahasusi ndani ya shule aliyopangiwa huwa ni kwepesi zaidi, kama shule inaifundisha na alama zake zinaruhusu. Aende kwa mwalimu wa taaluma wiki za mwanzo, na nakala ya matokeo mkononi, kabla majina ya madarasa hayajakaa sawa.