Binti wa kwenye tamthilia asingefika hata getini: dhana potofu kuhusu kasri za wafalme wa China

"Mwalimu, kwa hiyo zamani ukitaka kulipiza kisasi unachukua tu jina la marehemu, unaingia kwa mfalme?"

Aliyeniuliza ni mama wa makamo katika darasa langu la jioni. Anajifunza Kichina kwa ajili ya biashara yake ya vitambaa, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekesha kumalizia tamthilia. Swali lake nimeshaulizwa saluni, kwenye daladala, hata msibani, na pia na wanafunzi wa chuo ambao wameshasoma vitabu vya kutosha kujua jibu. Sasa naliandika, maana nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama.

Hadithi mnaijua. Ukoo wa jenerali unasingiziwa uhaini na kuchinjwa wote. Binti mmoja ananusurika. Miaka kumi baadaye anarudi mji mkuu na jina la binti wa afisa mwingine, anachaguliwa kuwa mke wa mfalme, mfalme anampenda kufa, na siri haifumuki mpaka vipande vya mwisho. Mimi pia hadithi hizi nazipenda, na nimeshatokwa machozi kwa ajili yake. Ninachokikataa ni pale mtu mzima anaponiambia kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa.

Katika enzi ya Qing (1644–1912), ambamo tamthilia nyingi za kasri zimewekwa, binti huyo asingefika hata getini. Tena asingezuiwa na mlinzi mwenye upanga. Angezuiwa na daftari.

Wamanchu waliotawala wakati ule walipanga watu wao kijeshi katika makundi yaliyoitwa Bendera Nane. Kila kaya ilikuwa na bendera yake, na ndani ya bendera ilikuwa na kikosi chake chenye nahodha anayezijua kaya zake moja moja. Wake wa mfalme walichaguliwa kutoka kaya hizo, kila baada ya miaka 3, na shughuli iliratibiwa na wizara ya mapato, kwa sababu ndiyo iliyotunza orodha za watu. Binti wa afisa akifikisha miaka 13 jina lake linaandikwa, na haruhusiwi kuozwa kabla ya kupita kwenye uteuzi. Kumficha lilikuwa kosa, na adhabu iliwapata wazazi na viongozi wa bendera.

Sasa iangalie siku yenyewe. Binti haji peke yake na kifurushi chake mkononi. Analetwa na wazazi au ndugu, pamoja na watu wa kikosi cha baba yake. Magari ya kukokotwa na wanyama yanapangwa usiku kwa foleni, taa zinawaka, yanasogea taratibu mpaka lango la kaskazini la kasri, Shenwumen. Akisimama kukaguliwa, anakuwa na kibao kilichoandikwa ni binti wa nani, wa bendera ipi, ana umri gani. Ili aingie na jina la mtu mwingine, lazima wadanganye baba, mama, shangazi, nahodha na karani, wote kwa pamoja, na kila mmoja anajua kwamba ikigundulika ni kichwa chake. Halafu walinde siri hiyo maisha yao yote.

Hapo huwa naambiwa: "Lakini yule wa kwangu aliingia kama mtumishi." Ni yale yale. Watumishi wa kike walichaguliwa kila mwaka na idara ya mambo ya ndani ya kasri, kutoka kaya za bendera tatu za juu zilizokuwa chini ya mfalme mwenyewe, nazo zilikuwa na daftari lao. Tangu wakati wa mfalme Yongzheng walirudishwa kwao wakifikisha miaka 25, na huwezi kumhesabia mtu miaka bila kuwa na tarehe yake ya kuzaliwa.

Je, hakuna aliyewahi kudanganya? Wapo. Ila angalia walidanganya lini.

Mwaka 1127 jeshi la Jin, dola ya kaskazini, liliuteka Kaifeng, mji mkuu wa enzi ya Song, likawachukua wafalme wawili wa Song, baba na mwana, na familia yao, mabinti wa kifalme wakiwemo, likawapeleka utumwani kaskazini. Mwana mmoja alinusurika, akawa mfalme kusini: ndiye Gaozong. Mwaka 1130 akaletewa mwanamke aliyesema kuwa ni dada yake, binti mfalme Roufu, ametoroka mikononi mwa adui. Wakaitwa wanawake wa kasri waliomfahamu Roufu. Sura inafanana. Akiulizwa mambo ya ndani ya kasri, anayajibu. Kikwazo kikawa miguu: Roufu alikuwa na miguu midogo, huyu yake ni mikubwa. Masimulizi ya wakati huo yanasema mwanamke alisikitika, akasema kwamba aliswagwa kama ng'ombe na kutembea peku masafa yasiyohesabika, miguu ingebakije kama ilivyokuwa? Gaozong akaguswa. Akampokea, akampa cheo, akamwoza kwa afisa. Miaka 12 akaishi kama binti mfalme.

Mwaka 1142 mama yake Gaozong aliachiwa na Wajin, akarudi. Akasema Roufu alikufa kule kaskazini. Mwanamke akahojiwa na ikatangazwa kuwa ni mtawa wa Kibudha wa Kaifeng, aliyewahi kuambiwa kwamba anafanana na binti mfalme na kufundishwa mambo ya kasri na mwanamke aliyewahi kutumikia humo. Akauawa. Tangu zamani wapo walionong'ona kwamba alikuwa Roufu wa kweli, na kwamba mama mfalme alimnyamazisha kwa sababu mwanamke huyo aliyajua aliyoyapitia mama mfalme utekwani.

Mwaka 1645 ikatokea tena, safari hii Nanjing: kijana akajitokeza akidai kuwa mwana mrithi wa mfalme wa mwisho wa Ming, enzi iliyotangulia Qing, na katika miezi hiyo hiyo mwanamke akadai kuwa mke wa mfalme mpya aliyewekwa pale. Beijing ilikuwa imeanguka mwaka mmoja tu kabla. Umeona? Wadanganyifu hawaingii kasri likiwa limetulia. Wanakuja baada ya vita, mashahidi wakiwa wamekufa na daftari zikiwa zimeungua. Mwandishi wa tamthilia akitaka nimwamini binti wake mwenye jina la bandia, auteketeze mji kwanza.

Mengine nitayapitia haraka.

Neno "suria", ambalo watafsiri wetu wanalipenda mno. Kwa mtu wa pwani suria ni mjakazi aliyewekwa na bwana wake, na mtoto wake ni muungwana. Zanzibar masultani kadhaa walizaliwa na masuria. Mke wa daraja katika kasri la Qing hakuwa mjakazi. Alikuwa binti wa afisa, mwenye cheo na fungu lake la fedha, vitambaa na chakula kwa kiwango kilichoandikwa. Chini ya malkia alikuwepo mmoja wa cheo cha kwanza, wawili wa cha pili, wanne wa cha tatu, sita wa cha nne, na chini yao wale wasio na ukomo. Semeni "mke wa daraja". Ni refu kidogo, lakini halidanganyi.

Kwamba mke wa mfalme aliua watumishi apendavyo: mwaka 1778 mke mmoja wa mfalme Qianlong wa Qing, mama wa binti aliyependwa sana na mfalme, alisababisha mtumishi wake kufa kwa kipigo. Alishushwa cheo na kuamriwa kuwalipa wazazi wa marehemu vipande 100 vya fedha. Baadaye alirudishiwa cheo chake, na hilo pia mlijue.

Kwamba kila kasri ni Mji Uliokatazwa wa Beijing: ule ulijengwa kati ya 1406 na 1420. Wu Zetian, mwanamke pekee wa China aliyejitangaza mfalme kwa jina lake mwenyewe, alitawala kuanzia 690 hadi 705. Hakuuona.

Sindano ya fedha inayoonyesha sumu: fedha inageuka nyeusi ikikutana na salfa, na sumu ya aseniki ya zamani ilikuwa chafu, yenye mabaki ya salfa. Ikiwa safi, sindano inabaki kung'aa. Chukua kijiko cha fedha halisi ukiache kwenye kiini cha yai la kuchemsha, kitakuwa cheusi, na yai hilo utalila salama. Matone ya damu kwenye bakuli la maji kuthibitisha baba wa mtoto: damu ya watu wowote wawili itachanganyika. Tafadhali msiwahukumu wake zenu kwa jambo hili, maana nimewahi kusikia mtu akilizungumzia kwa dhati.

Kwamba Qianlong alikuwa mtoto wa Mchina wa ukoo wa Chen wa Haining aliyebadilishwa na mtoto wa kike wa Yongzheng: hii inanikera karibu sawa na ile ya kwanza. Wanaodai hivyo wanasema Yongzheng alikosa mtoto wa kiume. Qianlong alipozaliwa, mwaka 1711, baba yake alikuwa tayari na mwana mkubwa aliye hai, Hongshi, na miezi michache baadaye akapata mwana mwingine. Angeiba mtoto wa watu kwa shida gani? Na zile ziara za Haining, ambako mfalme alifikia katika bustani ya ukoo huo wa Chen mara 4, zina sababu iliyoandikwa wazi: ukuta wa bahari. Maji ya mlango wa mto Qiantang yalikuwa yanakula nchi kavu, na mfalme alikwenda kukagua ujenzi.

Mama wa darasa langu alinisikiliza yote haya, kisha akasema, "Mwalimu, umeniharibia." Nikampa hadithi nyingine badala yake, nami nawapeni ninyi.

Mwaka 91 KK, katika enzi ya Han, mwana mrithi wa mfalme Wu alisingiziwa uchawi. Akaasi, akashindwa, akajiua, na familia yake ikauawa. Akabaki mjukuu wake, mtoto wa miezi michache, akatupwa gerezani. Afisa mmoja wa gereza, Bing Ji, alimhurumia. Akawachagua wafungwa wanawake wamnyonyeshe. Mwaka 87 KK ikaja amri ya kuwaua wafungwa wote wa mji mkuu. Bing Ji akafunga lango la gereza na kumzuia mjumbe wa mfalme nje mpaka kulipokucha. Mtoto akapona. Na baadaye, kwa amri ya mfalme, jina lake likaandikwa katika daftari la ukoo wa kifalme, ingawa aliendelea kuishi kama mtu wa kawaida, akipenda kupiganisha majogoo, akaoa binti wa mtu mdogo. Kwa hiyo mwaka 74 KK kiti kilipokuwa wazi, wakubwa walijua pa kumtafuta. Akawa mfalme Xuan. Walipomtaka achukue malkia kutoka ukoo mkubwa wa Huo, akatoa amri ya kutafutiwa upanga wake wa zamani wa enzi za ufukara. Wakamwelewa, na mke wake wa ufukarani akawa malkia. Miaka mitatu baadaye, malkia huyo akiwa ametoka kujifungua, daktari wa kike aliyetumwa na mke wa mzee Huo, mkuu wa ukoo ule, akamwekea sumu kwenye dawa.

Bing Ji akawa waziri wa mfalme yule yule, na hakusema neno. Mfalme hakujua nani alimwokoa. Siku moja mtumishi wa zamani wa kasri, mwanamke aitwaye Ze, akadai kuwa ni yeye aliyemlea mfalme gerezani, akamtaja Bing Ji kuwa shahidi. Bing Ji akaitwa. Akamtambua, akasema: wewe ulichapwa kwa kumtunza vibaya, waliomlea kwa wema ni Hu Zu na Guo Zhengqing. Hapo ndipo mfalme alipojua. Ze akaachwa huru na kupewa fedha hata hivyo. Wale wawili wakatafutwa. Walikuwa wameshafariki, lakini waliacha watoto na wajukuu, nao wote wakapewa zawadi kubwa.