Ukifuta kwenye simu, umefuta kote

Waandishi ninaowahariri huniuliza sana: programu gani nzuri ya kuandikia? Nami huwauliza: ukifuta andiko kwenye simu, kwenye kompyuta litabaki? Wengi hujibu ndiyo, tena bila kusita.

Hata mimi nilijibu hivyo zamani. Simu ilikuwa imejaa, ikagoma hata kupiga picha. Nikaingia kwenye programu ya madokezo nikafuta karibu yote, sina wasiwasi, si yapo kwenye kompyuta? Usiku nikaifungua. Orodha nzima niliiona kwa sekunde mbili tatu, kisha mtandao ukashika, madokezo yakaanza kupukutika moja moja huku nayatazama.

Programu haikukosea. Ilikuwa inasawazisha (sync), na kusawazisha ni kuvifanya vifaa vyote vifanane. Nakala inayohesabika iko kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali ya wenye programu. Simu na kompyuta hupeleka huko kila badiliko na kuchukua yaliyofanywa kwingine. Kuongeza neno ni badiliko, na kufuta nako ni badiliko. Seva haiulizi ulikusudia nini. Nakala rudufu, au bakapu kama tusemavyo wengi, ni kitu kingine kabisa: ni nakala isiyojua ulichofanya leo asubuhi.

Na nafasi niliyookoa ilikuwa kichekesho. Maneno 1,000 ya Kiswahili, yakiwa maandishi matupu, hayafiki kilobaiti 10. Picha moja ya simu mara nyingi huzidi megabaiti 2. Ningefuta picha moja tu ya kidole changu mwenyewe ningepata nafasi ya madokezo 200 ya urefu huo.

Likikupata hilo, kimbilia kwanza kwenye tupio, yaani pale vinapokaa vilivyofutwa. Google Drive, hifadhi ya mafaili mtandaoni, huweka ulichofuta kwa siku 30, halafu hukiondoa moja kwa moja. Kabla ya mwishoni mwa 2020 kilikaa hadi ukimwage mwenyewe. (Mimi nilikuwa nimemwaga na tupio, nikijiona mwerevu.) Kama faili lipo ila aya zimeharibiwa, Google Docs, programu ya kuandikia ya Google, ina historia ya matoleo: kwenye Windows bonyeza Ctrl, Alt, Shift na H kwa pamoja, utaona andiko lilivyokuwa saa hii na saa ile. Toleo unaweza kulipa jina. Kabla sijaanza kukata, hulibatiza “kabla ya kupunguza sura ya 3”, maana baada ya wiki mbili tarehe peke yake hainiambii chochote.

Kuandika bila mtandao nako kuna mtego: kwenye kompyuta, Docs inataka uwashe mpangilio huo mapema, ukiwa bado na mtandao, kupitia Chrome au Edge. Ukikumbuka ukiwa tayari njiani, imekula kwako.

Bakapu yangu ni ya kizamani. Kila Ijumaa napakua kazi ya wiki mara mbili, .docx (faili la Word) na .txt (maandishi matupu). Hiyo .txt hupoteza italiki na maoni ya pembeni, lakini hakuna kompyuta itakayoshindwa kuifungua. Zote naziweka kwenye flashi inayokaa kwenye droo, haijachomekwa popote, na jina la faili huanza na tarehe, mwaka mbele: 2025-03-14, kisha sura. Hivyo folda hujipanga yenyewe.